"Kapumzike, tutakuita": siku moja ofisini kwetu Dodoma, Mei 2020

Saa 1 asubuhi. Ndoo yenye koki iko mlangoni pa ofisi yetu hapa Majengo, sabuni pembeni, na benchi limeshajaa. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Tangu mgonjwa wa kwanza wa corona atangazwe nchini Machi 16, wanaokuja kwangu wengi ni wafanyakazi: wahudumu wa baa, walimu wa shule binafsi, watu wa hoteli.

Saa 2. Anaingia dada mmoja, mpishi wa hoteli, mjamzito wa miezi 6, barakoa yake ya kitenge. Mwezi uliopita msimamizi alimwambia: "Wajawazito mko hatarini, kapumzike, tutakuita hali ikitulia." Barua hakupewa, mshahara haukuingia, na jikoni kashawekwa mtu mwingine. Siku hiyo hiyo walimrudisha nyumbani mzee mlinzi, kisa umri. Vijana wote wamebaki.

Hapa ndipo ninapokasirika. Anayetaka kukulinda atakupangia kazi mbali na wateja. Hakukatii mkate wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi na imetaja ujauzito na umri waziwazi. Corona haikuifuta. Hata kama biashara imeanguka kweli, kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane nao namna ya kuchagua wa kuondoka.

"Walikuambia lini hasa?"

Ananionyesha meseji: "Kesho usije, bosi kashasema." Tarehe ipo. Tunahesabu kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 27. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa, uanze kuomba kuongezewa muda, na uwe na sababu za msingi. Hiyo "tutakuita" imewamaliza wengi: mtu anasubiri simu, siku zinakatika.

Saa 4 tumemaliza kujaza fomu namba 1 ya CMA. Nakala lazima mwajiri aipate kwanza.

Saa 6 mchana tuko getini kwa bajaji. Meneja "hayupo". Mlinzi mpya anaishika fomu, anaisoma hadi mwisho, anairudisha.

"Dada yangu, nikisaini hii kesho na mimi niko nje."

Simlaumu. Tunakwenda posta, tunaituma kwa rejesta, risiti tunaiambatanisha kama ushahidi.

Saa 8. CMA wamepokea, wamegonga muhuri. Nje namweleza kwamba kwenye kesi ya kuachishwa, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali. Ananitaka nirudie. Narudia.

Saa 11 jioni nampigia mzee mlinzi.

"Mbukwenyi, mzee," namsalimia kwa Kigogo.

Anaitikia vizuri, ila kushtaki hataki. Anaogopa wakisikia hawatamwita tena. Namwambia nafasi yake keshawekwa kijana, nimemwona mwenyewe leo getini. Ananyamaza muda mrefu, kisha anauliza kama fomu inalipiwa. Namjibu kwetu kuijaza ni bure, aje na kitambulisho chake cha kazi na karatasi yoyote ya mshahara, asivushe kesho.

"Nitakuja na mjukuu wangu," anasema, "yeye ndiye anayejua kusoma meseji."