Kumbukumbu ya mradi wangu: menyu ya fonti, wiki ya tatu

Kwa ambao hawakuwepo toka mwanzo, hii ni ile programu ya kunakili tenzi za kwenye madaftari ya marehemu babu, upande mmoja hati ya Kiarabu, upande wa pili hati ya kawaida, naiandika kwa lugha ya Python na PySide6, yaani Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha na menyu) ya kutumia ndani ya Python.

Wiki hii yote imeliwa na menyu ya kuchagua fonti. Nilijua ni kazi ya jioni moja tu maana Qt ina kisanduku chake tayari, QFontComboBox, unakiweka na kila jina la fonti linatokea kwa mwandiko wake. Kikakaa vizuri kabisa. Halafu nikaandika "chozi" kwa herufi za Kiarabu, چوزي, ile چ ikaja nyembamba, wenzake wanene, yaani unaona kabisa hawajatoka kalamu moja. Kumbe fonti niliyochagua haina چ, Qt imeenda kuazima kwenye fonti nyingine kimya kimya.

Nikaweka setWritingSystem, kichujio cha hicho kisanduku, zibaki fonti za Kiarabu peke yake, bado. Na ukifikiria ni haki yake, Kiarabu chenyewe hakina p, ch wala v, kwa hiyo fonti inaweza kuwa ya Kiarabu safi na ikakosa پ na چ na ڤ, sasa mtu ataandikaje "pepo" au "vita"?

Nilichofanya ni kuipitisha kila fonti kwenye QRawFont, sehemu ya Qt inayosoma fonti yenyewe, naiuliza kwa supportsCharacter kama inazo hizo herufi tatu, ikikosa hata moja haiingii kwenye orodha. Pale pa kuonjea mwandiko nimewasha NoFontMerging, inayoizuia Qt kuazima, ili herufi isiyokuwepo itoke kiboksi, mtu aone ukweli. Mwanzoni ukaguzi ulikuwa unagandisha dirisha wakati programu inafunguka, sa hivi unafanyika mara moja tu menyu ikifunguliwa na majibu yanahifadhiwa kwenye faili. Fonti za Amiri na Scheherazade New zimepita zote mbili.

Jana nikamwonesha mama, akachagua Scheherazade, ila kwenye saizi 12 nukta tatu za ڤ zinashikana machoni pake, anaziona kama doa moja. Kwa hiyo saizi za hati mbili nazitenganisha, ya Kiarabu ianzie 20, hii nyingine ibaki 12. Ndo naanza nayo kesho.