Kumfuata kigong'ota kutoka Nairobi hadi Kereita

Ukitaka kumwona kigong'ota, ndege anayetoboa miti kwa mdomo, huna haja ya kutoka Nairobi. Msitu wa Karura yupo, Arboretum yupo, na hata mitaani palipobaki miti mikubwa utamsikia: yule mdogo mwenye mgongo wa madoadoa, ambaye dume lake lina wekundu utosini. Safari hii nilikuwa na swali jingine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za kigong'ota wa kusini-mashariki mwa Marekani ambaye maisha yake yote yamefungamana na misonobari. Basi kila nilipopita barabara ya Naivasha na kuiona misonobari yetu imejipanga milimani, nilijiuliza kama kuna kigong'ota anayeiita kwake.

Asubuhi moja ya Julai tukapanda matatu Nyamakima, mimi na rafiki yangu ambaye tulijuana katika yale matembezi ya kuangalia ndege yanayoanzia Makumbusho kila Jumatano. Njiani hakuna makubwa ya kusimulia. Tulipopita Limuru vioo vilianza kushika ukungu na watu wakafunga makoti hadi shingoni. Tulishuka Kimende, tukanywa chai ya moto kwa mandazi, kisha bodaboda zikatupandisha hadi msitu wa Kereita.

Langoni tulilipa kiingilio, tukapewa mzee wa kututembeza, skauti wa chama cha jamii kinachoutunza msitu pamoja na serikali. Nilipomweleza tulichofuata alinitazama vizuri.

"Paini mnaitakia nini, kijana wangu? Ndege wako kule kwa miti ya kienyeji."

"Tunataka kuanza na paini, mzee, ndipo tulinganishe."

"Haya, twendeni mjionee wenyewe."

Tukajionea. Misonobari, ndiyo paini ya mzee, imesimama kwa mistari, yote ya rika moja, na chini yake yametandikwa majani ya sindano yaliyokauka, nyayo hazisikiki. Tulikaa humo muda wa kutosha, darubini mkononi. Ndege wadogo walipita juu vileleni, lakini wa kugonga hakuwapo. Nilipapasa shina moja baada ya jingine kutafuta tundu, hata la zamani. Magome mazima, mbao nzima.

Hilo lina sababu yake. Msonobari tunaoupanda zaidi nyanda za juu, patula, asili yake ni Mexico. Ule mwingine, radiata wa California, uliachwa baada ya ugonjwa wa kuvu uitwao dothistroma kuyashambulia majani yake kuanzia miaka ya 1960. Miti hii ilipandwa iwe mbao, na ikifika miaka 30 hivi hukatwa, ikapandwa mingine. Haiachwi izeeke wala ioze kiini. Na kigong'ota anataka mti uliozeeka, wenye mahali palipolainika ndani.

Yule wa Marekani, mwenye kijistari chekundu kidogo pembeni mwa kichwa, ndiye anayelionyesha jambo hili wazi kuliko wote. Hutoboa tundu lake katika msonobari ulio hai, mara nyingi wenye umri wa miaka 60 au zaidi, ambao kuvu imekwisha kulainisha kiini chake. Kazi ya tundu moja huweza kuchukua miaka. Likikamilika, hudonoa vijishimo kuzunguka mlango ili utomvu utiririke, na nyoka anayepanda kufuata mayai hukwama hapo. Misitu ya msonobari anaoupenda zaidi, uitwao longleaf, iliwahi kutanda hekta milioni 36 hivi, ikakatwa hadi kikabaki kisehemu kidogo. Ndege huyo akaingia katika orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1970. Watu wakaanza kuchoma vichaka kwa mpango ili msitu ubaki wazi anavyoupenda, wakachonga mashina na kuingiza masanduku ya mbao yenye matundu. Mwaka 2024 serikali yao ilimshusha daraja moja la hatari. Kwa wanaojua kazi iliyofanyika, hiyo ni habari ya kumtoa mtu machozi.

Mzee akatuvusha kijito, tukaingia msitu wa asili. Hapo hata hewa ilibadilika: kuvumwani zinaning'inia, mimea inatambaa kila mahali, sauti ni nyingi. Rafiki yangu ndiye aliyemsikia kwanza, kisha nikamwona juu ya tawi lililofunikwa kuvumwani. Mgongo wa kijani, na chini mistari myembamba mno, kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Huyu ni kigong'ota wa misitu ya milimani, na sisimizi ndio chakula chake kikubwa. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana vidole: viwili mbele, viwili nyuma, na mkia mgumu umeegemezwa kwenye tawi kama mguu wa tatu. Hakupiga kwa nguvu. Alifukua kuvumwani, akainamisha kichwa, akasikiliza, akadona. Vipande vikatuangukia.

Hatua chache mbele tulikuta mti mkavu uliosimama, magome yamebanduka, na matundu kadhaa mashinani. Matundu haya hayapotei bure kigong'ota akihama. Ndege wengi wasio na mdomo wa kutoboa hutegemea mashimo ya miti kutagia, akiwamo kwezi wa Abbott, anayepatikana Kenya na Tanzania peke yake, na msitu wa Kikuyu Escarpment, ambao Kereita ni sehemu yake, ni mojawapo ya ngome zake chache.

Tukiwa bado pale walipita akina mama na mizigo ya kuni mgongoni. Tukasalimiana. Mmoja akasema kabla hatujauliza lolote: "Mti mbichi hatugusi. Tunachukua uliokauka tu, na kibali tunacho."

Anasema kweli, na ndipo ugumu ulipo. Kinachoruhusiwa kuchukuliwa ndicho hasa kigong'ota anachokihitaji. Siwezi kumlaumu mama anayepika kwa kuni wakati gesi haishikiki bei. Ila naamini kuna tofauti kubwa kati ya mti mkavu ulioanguka na ule uliosimama, na sheria zetu za kuni zingeitambua, tungeokoa mengi. Vilevile, palipovunwa misonobari karibu na mito, miti ya kienyeji irudishwe. Karura wamekuwa wakiondoa mikaratusi na kupanda ya asili, na nimeona kwa macho yangu ndege wanavyofuata.

Mchana tulijaza orodha ya ndege kwa ajili ya Kenya Bird Map, ramani inayojengwa na watu wa kawaida, ambayo imeigawa nchi katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande. Tuliandika orodha mbili kando, ya paini na ya msitu wa asili. Mzee alizisoma zote mbili kwa makini, akaomba nakala. Chama chao kina mkutano mwezi ujao, na anataka kupendekeza miti mikavu yenye matundu ipigwe rangi ili mtu wa kuni aiache. Rafiki yangu ameahidi kupeleka rangi.