Mpini wa Jembe la Mama

Juzi jioni binti yangu aliniuliza kwa nini dirisha la jikoni tunalifunga kwa kipande cha ufagio. Komeo lilikatika zamani, fundi kila siku anakuja kesho, basi nikakata mpini wa ufagio nikaukaza pale. Nikamweleza hivyo. Hakuridhika. "Lakini ni nani alikufundisha?" Nikageuza ugali kimya. Habari za baba mdogo siziwezi nikiwa na mwiko mkononi.

Ilikuwa 1984, nyumbani Mamboleo, Kisumu. Baba mdogo alikuwa makanika wa ndege kule kambi ya Eastleigh, Nairobi, hadi lile jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, jeshi la anga likavunjwa. Alirudi na sanduku la bati na viatu vyeusi alivyoving'arisha kila Jumapili bila kuvivaa. Alikokuwa kati ya siku ile na siku aliyoingia getini hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Badala yake, usiku katika simba yake, ile nyumba ndogo ya vijana kwetu Waluo, nilikolala, alinisimulia Chuck Yeager, rubani Mmarekani.

Nadhani alimpenda kwa sababu naye alianza kama makanika, 1941, kijana wa mashambani West Virginia asiye na digrii. Lakini hadithi aliyoirudia ni ya mbavu. Oktoba 1947, siku mbili kabla ya kurusha X-1, ile ndege ya roketi yenye umbo la risasi, Yeager alipanda farasi usiku, wakavaa geti lililofungwa, akavunjika mbavu mbili. Madaktari wa kambi wangemzuia kuruka, kwa hiyo akatibiwa nje, kimyakimya. Tatizo likawa mlango. X-1 ilibebwa chini ya tumbo la B-29, ndege kubwa ya mabomu. Rubani aliingia ndani ya X-1 wakiwa tayari angani, kisha akaubana mlango kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokuwa upande wa maumivu. Akamnong'oneza rafiki yake Jack Ridley, mhandisi. Ridley akamkatia kipande cha mpini wa ufagio kiwe wenzo. Tarehe 14 Yeager akaipita kasi ya sauti, Mach 1.06, zaidi ya mita 12,000 juu ya jangwa la Mojave.

"Wote wanamjua aliyeruka," baba mdogo alikuwa akisema. "Mimi namtaka yule wa ufagio."

Mimi nilimtaka aliyeruka. Jumamosi moja nikaiba Black Mamba, baiskeli ya baba, nikaisukuma hadi juu ya mlima wa Riat, nikaiachia. Ya kuteremka sina mengi. Machozi ya upepo, breki za fito zikilia, kona, mtaro. Rimu ikapinda. Ubavu wa kulia ukaniambia usipumue.

Baiskeli niliirudisha mahali pake, chakula cha jioni nikala kwa mkono wa kushoto nikakaripiwa kwa adabu mbaya, na hadi hapo nilidhani nimevuka. Nikasahau gogo.

Mlango wa simba ulifungwa kwa gogo la mti, linalonyanyuliwa juu ya kichwa na kuteremshwa kwenye vishikio viwili. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilililaza begani, nikasukuma, likarudi. Nikajaribu tena. Nyuma yangu utambi wa koroboi ulikuwa ukitatarika, na baba mdogo, aliyekuwa akisimulia kitu, akaacha katikati ya neno. Sikugeuka. Nilimsikia akisimama, akinipita, akitoka nje. Kisha panga: ko, ko, ko. Kwetu ufagio ulikuwa wa majani, hauna mpini, kwa hiyo alirudi na nusu ya mpini wa jembe la mama. Akautia chini ya gogo, akanishika mkono wa kushoto akauweka pale, akarudi kitandani. Nikabonyeza. Gogo likapanda, likaketi.

Akapuliza koroboi. Tukalala muda mrefu tukisikiliza mbwa.

"Inauma, nyathina, mtoto wangu?"

"Haiumi."

"Hata mimi," akasema.

Asubuhi mama alilia jembe lake, tena msimu wa kupalilia. Baba mdogo alisema ni yeye, alihitaji kuni. Rimu pia aliinyoosha, baba hakujua. Ubavu uliunga vibaya. Msimu wa baridi bado naulalia kwa tahadhari, na nimewahi kujiuliza kama mtu mzima anayempenda mtoto hangempeleka hospitali usiku uleule. Halafu nakumbuka kwamba na mimi nilisikia lile "hata mimi," nikajifanya nimelala, asubuhi nikaenda shule, na miaka yote aliyoishi baadaye sikuwahi kumuuliza.

Nilimweleza binti yangu kuhusu Ridley tu. Akafikiri kidogo. "Na kama huyo rubani angekufa?"

Nikamwambia ugali umeiva, aite wenzake. Alipotoka alikichomoa kile kijiti cha dirishani, akakitazama, akakirudisha. Kiliingia kwa shida. Nilikikata kirefu mno.