Ukimaliza Fullmetal Alchemist, usitafute mchawi mwingine

Nikimwambia mtu kwamba Fullmetal Alchemist, ile manga (hadithi ya michoro ya Kijapani), nimeimaliza na natafuta nyingine, naletewa kijana mwingine mwenye nguvu za ajabu. Programu ya kusomea inaniletea, mdogo wangu ananiletea, hata wanachuo wanaokuja kutoa hela kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, wananiletea: "Dada, kama ile uliipenda, soma na hii, kuna jeshi, kuna uchawi, kuna ndugu wawili." Nasoma sura tatu. Ndugu wawili wapo kweli, uchawi upo, jeshi lipo, ila mie raha sijaiona.

Siwalaumu. Programu inapanga hadithi kwa lebo: mapigano, njozi, jeshi, ndugu. Halafu inaangalia waliosoma hii wamesoma na ipi, kwa hiyo zile zinazosomwa na kila mtu ndizo zinazorudi juu kila siku, hata ukiuliza habari za mapishi. Lebo inakwambia hadithi ina nini ndani yake. Wewe ulipenda nini, hilo haiwezi kulijua, na mara nyingi hata mwenyewe hujajiuliza.

Mie nilijiuliza. Kwenye Fullmetal nilichokipenda ni kisiwa. Edward na Alphonse, wale ndugu wawili, bado wadogo, wanamwomba Izumi Curtis awafundishe alkemia, ndiyo uchawi wa hadithi hii, naye anawatupa kwenye kisiwa mwezi mzima, na alkemia yenyewe amewakataza. Njaa inawashika. Wanamnasa sungura, kisu wanacho, na mkono unakataa. Wakiwa bado wanategeana, mbweha anapita, anamkwapua, anakwenda kuwalisha watoto wake. Basi. Hamna umeme wa bluu, hamna mtu anapiga kelele jina la pigo lake. Nilipofika pale nilimwacha mteja amesimama na simu yake mkononi anasubiri muamala. Nikajisemea, aliyechora hapa si mtu wa kufikiria njaa tu, huyu amewahi kushika mnyama akijua atachinjwa.

Ndivyo ilivyo. Hiromu Arakawa amezaliwa 1973 Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisoma shule ya kilimo, akafanya kazi shambani kwao miaka saba, ndipo akaenda Tokyo kuchora. Mpaka leo akijichora mwenyewe hujichora ng'ombe aliyevaa miwani. Fullmetal aliianza 2001 akaifunga 2010, juzuu 27, na mwaka uliofuata akaanza kitu ambacho programu yoyote ingekuficha, kwa sababu lebo hazikutani popote: Gin no Saji, yaani Kijiko cha Fedha. Hamna upanga wala jini. Ni wanafunzi wa sekondari ya kilimo.

Hapa niacheni niseme kidogo, maana hii ndiyo manga niliyoitafuta bila kujua kama naitafuta.

Yugo Hachiken ni mtoto wa mjini, Sapporo. Amechoshwa na kusoma kwa kushindana na amechoshwa na baba yake, kwa hiyo anachagua shule ya bweni iliyo mbali, basi, hajui hata kuku hutagia wapi. Anapoona yai linatokea wapi anasusa mayai. (Halafu anaonja, na kususa kunaishia hapo.) Kwenye banda la nguruwe kuna kitoto kimoja dhaifu, wenzake wanakisukuma, titi lenye maziwa mengi hakilipati. Hachiken anakionea huruma. Wenzake waliokulia shambani wanamwonya: usikipe jina. Anakipa. Anakiita Butadon, na hilo ni jina la chakula, bakuli la wali na nyama ya nguruwe juu yake.

Mie ni Mwislamu wa Tanga. Nguruwe kwetu hatajwi mezani, na mama angeniona navyomsikitikia angenisomea dua. Lakini ile miezi mitatu Butadon ananenepa, na sisi wote tunajua tarehe iko mbele, nilikuwa nafungua kurasa kwa shingo upande. Arakawa hamwokoi. Waandishi wengi wangetafuta mlango wa nyuma, mtoto angelia, mwalimu angelainika, nguruwe angebaki shuleni kama kipenzi. Huyu hapana. Hachiken anachukua mshahara wa kibarua alichofanya likizo kwenye shamba la kina Mikage, mwanafunzi mwenzake, anakwenda kuinunua nyama yote ya Butadon, nguruwe mzima, kisha anaikausha kwa moshi na kuwagawia wenzake. Na wanaila, na ni tamu, na utamu wenyewe ndio unaomsumbua.

Ukirudi kwenye Fullmetal baada ya hapo utaona ni mtu yuleyule anazungumza. Huku mvulana anapoteza mguu kwa kutaka kumrudisha mama yake na anatoa mkono kuinusuru roho ya ndugu yake, kule mvulana anatoa mshahara wake kwa ajili ya mnyama ambaye hawezi kumrudisha. Hakuna kinachopatikana bure. Tena naona kwenye nguruwe kasema vizuri zaidi kuliko kwenye alkemia, na atakayebisha aje kibandani tubishane, saa za mchana wateja huwa wachache.

Kwa hiyo njia yangu ya kwanza ni kumfuata aliyechora, si kile alichochora. Ni njia rahisi na bado watu wanaipita. Wangapi mmemaliza Vinland Saga ya Makoto Yukimura na hamjagusa Planetes, aliyoichora kabla, ya watu wanaookota takataka angani? Hiyo moja ina mashoka ya Wanorse wa Ulaya ya zamani na nyingine ina vyombo vya anga, lakini ni mtu mmoja anauliza swali moja, kijana mwenye hasira atajifunzaje kuishi na watu.

Ila kuna hadithi zina wazazi wawili, na hapo lazima uamue unamfuata nani. Kuna mwanachuo mmoja, hukaa kwenye benchi langu akisubiri hela ya nyumbani, alipenda Death Note mpaka akawa anaisimulia kwa wateja. Watu wote wanamwambia asome Monster ya Naoki Urasawa. Ushauri mzuri, Monster ni kubwa, lakini mwendo wake ni wa taratibu, inaingia nyumba moja inatoka, inakaa na mpishi, inakaa na mlevi, na kijana wangu akachoka. Nikamuuliza: ulipenda ile michoro, au zile akili za kutegana? Akasema michoro, zile nyuso. Basi mchoraji ni Takeshi Obata, na kabla ya Death Note alichora Hikaru no Go, imeandikwa na Yumi Hotta, ya mtoto anayejifunza mchezo wa Go akisaidiwa na mzimu wa bingwa wa zamani. Alicheka. Mchezo wa ubaoni, dada? Nikamwambia nenda kawaangalie wazee wa bao pale nje uone kama hawauani. Kaisoma mpaka mwisho. Na angeniambia akili za kutegana, ningempeleka kwa mwandishi, Tsugumi Ohba.

Mdogo wangu ana yake. Huyu asipoona damu ukurasa wa pili anafunga. Anapenda Chainsaw Man ya Tatsuki Fujimoto na hataki kusikia habari za mashamba. Kwake nilitumia njia ya jikoni. Wachoraji wa Japani wanaotoa sura kila wiki hawafanyi kazi peke yao, wana wasaidizi wanaochora majengo, mandhari na vivuli, na wasaidizi hao kesho huwa mabwana. Eiichiro Oda kabla ya One Piece alikuwa msaidizi wa Nobuhiro Watsuki kwenye Rurouni Kenshin. Kwa Fujimoto alikuwepo Yukinobu Tatsu, naye 2021 akatoka na Dandadan. Mhariri wa Chainsaw Man, Shihei Lin, ndiye pia wa Dandadan, na wa Spy x Family vilevile. Mdogo wangu kazipokea zote tatu bila kujua kwamba zimepita kwenye meza moja. Nilipomwambia alisema "kumbe", akaendelea kusoma. Wahariri hawasifiwi, lakini ukimpata mmoja ambaye ladha yake ni yako, amekurahisishia kazi.

Hizo tatu zinapatikana kwenye Manga Plus, programu ya wachapishaji wenyewe, Shueisha. Sura za mwanzo na za karibuni ni bure, na lugha zipo kadhaa ingawa Kiswahili hakimo. Picha hizo zinakula kifurushi, kwa hiyo mie husoma nikiwa nyumbani kwa shemeji mwenye waifai. Najua pia wengi wenu mnasomea wapi. Sisemi kitu. Za karatasi huwa naletewa na binamu aliyeko Muscat, akija likizo, kama mzigo wa watu wengine umeacha nafasi.

Na kwa anayeniuliza kila mara, hapana, kusoma kutoka kulia kwenda kushoto hakujanisumbua hata dakika. Tumekaa chuoni na juzuu ya Amma tangu tukiwa wadogo, mkono unajua wenyewe.

Turudi Hokkaido, maana nilipotoka kwa Arakawa sikutaka kuondoka kule. Hiyo nayo ni njia, kufuata mahali. Ikanifikisha kwenye Golden Kamuy ya Satoru Noda, naye ni mzaliwa wa Hokkaido, juzuu 31, ilianza 2014 ikaisha 2022. Sugimoto ni askari aliyenusurika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905, anatafuta dhahabu ya Waainu, wenyeji wa kule, na ramani yake imechanjwa chale kwenye ngozi za wafungwa waliotoroka. Maneno hayo tu yalimtosha mdogo wangu. Mie yaliyonishika ni ya Asirpa, binti wa Kiainu anayemwongoza. Anamfundisha kutega kindi, kumchuna, kumkatakata nyama na mifupa pamoja kwa visu, na wakikata lazima waseme jina la chakula chenyewe, citatap, citatap, kila kisu kikishuka. Anampa na ubongo mbichi kama heshima. Sugimoto naye anatoa miso yake, lile rojo la soya, na Asirpa anaapa kwamba kile ni kinyesi. Noda alikuwa na mtaalamu wa lugha ya Kiainu, Hiroshi Nakagawa, aliyemsimamia maneno, na inaonekana. Watu wale wana jina la kila kitu kilichomo jikoni mwao, hawapo kwa kupamba.

Kutoka hapo nilikuwa nimeshajijua: natafuta watu wanaochora kazi za mikono na chakula kwa uangalifu uleule ambao wengine wanachora panga. Hapo Dungeon Meshi ya Ryoko Kui ilinijia yenyewe. Dada wa shujaa Laios kamezwa na joka, hela ya chakula hawana, wanashuka shimoni kumfuata huku wakipika mazimwi wanayoyaua, na kila pishi limeandikwa viungo vyake kama mtu anakutuma sokoni. Inachekesha mpaka inapoacha kuchekesha.

Na Dungeon Meshi ilitoka kwenye jarida linaloitwa Harta. Nikauliza, hawa Harta wamechapisha nani mwingine? Ikawa Kaoru Mori, na Otoyomegatari yake, ya maharusi wa Asia ya Kati karne ya 19. Jarida lina tabia yake kama lilivyo gazeti lolote, anayechagua hadithi moja ndiye anayechagua na ya jirani yake.

Sasa hii niliifungua sebuleni, mama kakaa pembeni anashona kofia. Mama hushona kofia za mkono tangu sijazaliwa, na vitabu vyangu vya katuni anaviona vya watoto. Kwenye juzuu ya pili kuna mtoto, Tileke, anatakiwa kutarizi vitambaa vya mahari yake, naye anapenda vipanga tu, anatarizi vipanga kila mahali. Bibi yake anamtolea vitambaa vya wanawake wa ukoo, anamwonyesha huyu alishona hivi, yule alishona vile, na mwenye kitambaa hiki alikuwa mtu wa namna gani. Mori kavichora vyote, mshono kwa mshono. Mama alivuta miwani, akavuta kitabu, akafuata ua moja kwa ncha ya sindano bila kuligusa. Akaniuliza hilo limeanzia wapi. Sikujua. Akaangalia tena, akasema limeanzia katikati, halafu akaniambia nimtafutie kurasa nyingine zenye nguo.

Kitabu hicho sasa ni cha mama. Golden Kamuy mdogo wangu kaondoka na juzuu tatu za mwanzo na hataki kuzirudisha mpaka nimpe ya nne, ambayo mie mwenyewe sijaimaliza. Binamu wa Muscat nimeshamwandikia: aniletee Hyakusho Kizoku, ile ambayo Arakawa anasimulia maisha yake ya shambani mwenyewe, na yoyote ya Harta atakayoikuta dukani. Kajibu atanunua hii ya kwanza, kwa hiyo nyingine anataka jina. Aliyesoma ya Harta ambayo sijaitaja hapa aniandikie kabla hajafunga begi.