Meza ya useremala iliyopasuka usiku

Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, hapa Moshi. Meza ya kazi niliitengeneza mwezi wa nne, masika imepamba moto, kwa mbao za mkaratusi za inchi 2. Mninga naupenda, ila mfuko ulikataa. Nikagundisha mbao hadi upana wa sentimita 60, nikaukaza uso kwenye fremu kwa skrubu kila upande. Nzito, haitikisiki. Nikajisifu.

Januari, jua kali, usiku nikasikia "paa!" Asubuhi nakuta ufa unaomeza sarafu ya shilingi mia mbili, kingo zimebinuka, randa inarukaruka.

Fundi mzee jirani alicheka. "Mwanangu, umenunua mbao mbichi halafu ukazifunga kamba."

Kweli tupu. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki sana. Skrubu ziliuzuia uso kusinyaa, ukapasuka.

Nikafungua skrubu zote, nikapasua uso palepale penye ufa, nikazipanga mbao juu ya vijiti kivulini kwa miezi mitatu (mke wangu aliwahesabu panya waliohamia humo). Kisha nikaranda kingo, nikagundisha upya. Kwenye fremu, tundu za katikati nikaziacha za duara. Za pembeni nikazirefusha kufuata upana wa meza, kama milimita 10, na washa (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha kila skrubu. Uso nikauranda mshazari kwanza, halafu kufuata nyuzi, mpaka rula ya chuma ikalala bila kupitisha mwanga.

Masika nyingine imepita, na kiangazi chake. Skrubu za pembeni zimesogea kidogo ndani ya tundu zake. Ufa hakuna.