Mwandiko wa wino mwekundu

Kanda ya kumi na mbili nimeipata jana asubuhi pale Karume, Ilala, ndani ya boksi la viatu lililojaa rimoti na chaja zilizokatika nyaya. Niliitambua kabla sijaishika: wino mwekundu, herufi zimelala kulia kidogo, A ya upande wa kwanza imezungushiwa duara. Kwenye karatasi ya ndani imeandikwa "Sikinde, kabla ya kuhama". Muuzaji aliniona nimenyamaza ghafla, akajua amepata mteja.

"Hiyo buku mbili, braza."

Sikubishana naye. Nilitoa hela, nikaifunga kanda kwenye leso, nikapanda daladala ya Tabata nimeishika mkononi njia nzima.

Nyumbani nina kanda zaidi ya 300. Nilianza kwa kupenda nyimbo tu, muziki wa dansi niliolelewa nao kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na redio moja yenye sauti. Kwa miaka mingi nilinunua bendi: Msondo, Sikinde, Vijana Jazz, Maquis. Niliangalia jina la bendi na mtindo wake, mwandiko sikuujali. Kama miaka mitano iliyopita nilipanga kanda zangu upya sakafuni, na mbili zilizokaa bega kwa bega, moja ya Tandika na nyingine ya Buguruni, zikawa na mwandiko mmoja. Tangu siku hiyo natafuta mkono huo.

Wanangu wamezaliwa na simu, kwa hiyo inabidi niwaeleze mkono huo ulikuwa unafanya kazi gani. Hadi mwaka 1994, Radio One ilipoanza, Tanzania Bara ilikuwa inasikiliza redio ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio za RTD kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, zikapiga, fundi mitambo akarekodi, na nyimbo zikabaki maktaba ya redio. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa hadi 1983. Sasa mtu wa Manzese aliyetaka wimbo wa Msondo ubaki chumbani kwake afanye nini? Ama akae na redio kaseti, kidole juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji aumalize utangulizi wake, ama aende na kanda tupu kwenye duka la kurekodi, aache orodha ya nyimbo, arudi kesho yake.

Mtu wangu wa wino mwekundu alikuwa kwenye duka la namna hiyo. Mtaa siujui. Ninachokijua ni kazi yake, na kazi yake naijua vizuri.

Kanda nyingi alizorekodi ni za dakika 60, yaani nusu saa kila upande. Wimbo wa dansi wa enzi hizo haukuwa na haraka: unaanza na mashairi, waimbaji wanapokezana, kisa kinaelezwa mpaka mwisho, ndipo magitaa yanashika na kuingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo ala zinatawala. Dakika nane, tisa, hata kumi. Weka nyimbo tatu upande mmoja, na mara nyingi zinabaki dakika mbili au tatu ambazo wimbo wa nne hauwezi kuenea. Maduka mengi yaliziacha hivyo hivyo, utepe ukawa unatoa mvumo mtupu hadi mwisho. Yeye hakuacha. Alichukua wimbo mwingine kabisa, akauingia katikati pale chemko linapoanza, akamimina magitaa na tarumbeta kwenye zile dakika zilizobaki. Hakuziandika kwenye orodha. Aliyenunua nyimbo tatu alipewa nyimbo tatu na kipande cha ngoma juu yake, kama muuza karanga anavyoongeza chache kwenye pakiti baada ya kupima.

Mimi navipenda vile vipande kuliko nyimbo zenyewe. Baada ya wimbo wa msiba utakuta amechagua chemko la taratibu, solo inalia peke yake. Baada ya nyimbo za mapenzi anaweka la kuchezea. Alikuwa anasikiliza alichokuwa anakirekodi, na hilo ndilo linalonishika, maana kazi ile mtu angeweza kuifanya huku anakunywa chai na kupiga soga mlangoni.

Tena alikuwa anaandika historia. Hiyo "kabla ya kuhama" ya jana si maneno madogo. DDC Mlimani Park, ambao ndio Sikinde, walianza mwaka 1978. Mwaka 1985 baadhi ya nguzo zao zilichukuliwa kwa pamoja kwenda kuanzisha bendi mpya ya International Orchestra Safari Sound, IOSS, iliyokuja na mtindo wa Ndekule. Kwa mashabiki wa Dar lilikuwa tukio la kugawa ndugu. Kanda ikisema "kabla ya kuhama", basi imeandikwa baada ya hapo, kwa sababu nyumba ikiwa bado imejaa hakuna anayeandika hivyo. Mteja wa kanda hii alitaka Sikinde ile ya mwanzo, kikosi kizima, na aliyeirekodi alielewa anatakiwa nini bila kuelezwa mara mbili.

Jana mchana kutwa niliisafisha. Hewa ya Dar haina urafiki na kanda. Masika yakipita bila kuzifungua, unakuta ukungu mweupe umejipanga pembezoni mwa utepe kama unga. Ukiiweka kanda hivyo hivyo redioni, ukungu unahamia kwenye kichwa kinachosoma utepe, na kila kanda inayofuata inaambukizwa. Kwa hiyo nafungua skrubu tano, nahamisha utepe kwenye ganda safi, naupitisha polepole kwenye pamba laini huku nazungusha kwa penseli. Siweki juani hata kidogo. Kile kipande kidogo cha sufu kinachosukuma utepe ugusane na kichwa kilikuwa kimebanduka, nikabandika kingine kutoka kanda mbovu ya mawaidha. Makasha nayapanga kwenye boksi lenye vipakiti vile vinavyonyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mke wangu akinunua viatu, ananiwekea bila kuombwa.

Saa mbili usiku nikaiwasha. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa sebuleni na spika zake za masikioni, singeli inamvujia hadi nje. Akazivua.

"Baba, huyu mtu anaimba mzito. Ndiyo sauti yake?"

Nilisikiliza vizuri. Alikuwa sahihi. Mkanda wa mpira unaozungusha mota ulikuwa umelegea, na utepe unaotakiwa kupita kwenye kichwa kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde ulikuwa unajikokota. Mtoto aliyezoea muziki unaokimbia ndiye aliyesikia kwamba wa babu zake unachelewa. Nikabadilisha mkanda, sauti ikapanda mahali pake, naye akakaa kitako akasikiliza wimbo mzima hadi chemko likaisha. Hakusema kitu. Mimi nami sikumsemesha, nisije nikauvuruga ule ukimya.

Upande A ulikuwa safi. Upande B, katikati ya wimbo wa tatu, ilisikika *tak*, muziki ukakatika, na sauti ya mtangazaji ikaingia. Matangazo ya vifo.

Waliokua na RTD wanaijua ile sauti na ule mpangilio wake. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Kisha, "Habari ziwafikie", na majina yanaanza kusomwa, wa Tanga, wa Kigoma, wa shamba la mkonge, popote walipo. Simu zilikuwa chache, na basi la mkoa lilichukua siku nzima au mbili, kwa hiyo redio ndiyo iliyowafikishia watu misiba yao. Ilipofika saa ya matangazo, nyumba nzima ilinyamaza, hata kama kulikuwa na ugomvi.

Niliizima pale pale. Halafu nikaitoa kanda nikaitazama juu. Yule wa wino mwekundu huwa anavunja vile vijino viwili vya plastiki ili mtu asiweze kurekodi juu ya kazi yake. Hapa alivivunja pia. Lakini kijino cha upande B kilikuwa kimezibwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Mtu alijua tangazo linakuja, pengine alilipeleka mwenyewe redioni, na ndani ya nyumba hapakuwa na kanda nyingine. Akatafuta selotepu, akaziba tundu, akasubiri. Akaikata Sikinde yake ya kabla ya kuhama ili jina la mtu wake libaki limesomwa.

Sikulala mapema. Majina ya kwenye tangazo sitayaandika hapa, ni ya wenyewe.

Leo baada ya adhuhuri nikaenda Magomeni kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye miaka ya themanini alikuwa akitengeneza mashine za maduka ya kurekodi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake, nikasubiri mpaka amalize. Kisha nikampangia kanda zote kumi na mbili juu ya meza, nikamwambia babu, mtu huyu namtafuta mwaka wa tano sasa.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akainua ile ya jana, akasoma upande A, akaigeuza, akasoma upande B, akaigeuza tena.

"Unamtafuta nani?"

"Huyu wa wino mwekundu."

"Hawa ni wawili, mwanangu."

Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Upande A, saba ya namba ya kanda ina mkato katikati, na duara limechorwa kwa mzunguko mmoja bila kuinua kalamu. Upande B, saba haina mkato, na duara lina kiungo mahali ambapo kalamu iliinuliwa na kurudi. Kalamu ni ile ile, mlalo wa herufi ni ule ule. "Huyu wa kwanza ndiye mwenye duka. Huyu wa pili ni kijana wake. Kamuiga mpaka anakaribia." Akasema maduka mengi yalikuwa hivyo: mwenye duka akienda kuswali au kula, kijana anageuza kanda na kuendelea. Nikamuuliza kuhusu vile vipande vya mwisho. Akacheka kidogo, kicheko cha kukumbuka. "Mteja kaleta kanda ya dakika sitini, kalipia sitini. Kanda ya mtu hairudi na utupu." Majina yao hakuyajua. Maduka yalikuwa mengi, na yeye aliingia kwa mlango wa nyuma na begi la vifaa.

Njia nzima ndani ya basi la mwendokasi nilikuwa na huzuni fulani, kama mtu aliyeambiwa rafiki yake hayupo. Miaka mitano nilimjengea mtu mmoja sura, tabia, hata namna ya kukaa kwenye kiti. Ilipofika Jangwani huzuni ikaanza kunitoka. Mtu kumfundisha mwenzake duara la kuzungushia herufi, mlalo wa mwandiko, na kwamba kanda ya mteja haiachwi na utupu, hilo nalo ni jambo ambalo sikuwa nalo asubuhi.

Usiku huu nimezigawa mezani kwa kufuata ile saba. Kanda saba ni za mwenye duka, nne ni za kijana, na ya jana ni ya wote wawili. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nimesikiliza mwisho wa kila upande, moja baada ya nyingine, vile vipande tu. Na hapo tofauti ikajitokeza wazi kuliko kwenye mwandiko. Mwenye duka, utepe ukikaribia kuisha, anashusha sauti kwa mkono, taratibu, mpaka magitaa yanakuwa kama yanapigwa mtaa wa pili. Kijana hashushi. Pande zake zote nane, chemko linakatwa katikati ya noti kwa sababu utepe umekwisha.

Imebaki ya jana, upande B. Nilikuwa sijaufikisha mwisho kwa sababu ya tangazo, na hakuna njia ya kufika mwisho kwa heshima isipokuwa kupita hapo. Kwa hiyo nimekaa, nimezima feni, nimelisikiliza tangazo lote, jina la marehemu, mahali, na wote ambao habari ziliwafikia. *Tak.* Sikinde wakarudi katikati ya chemko, kana kwamba walikuwa wanasubiri nje ya mlango. Wimbo ukaisha. Baada ya kimya kifupi kikaingia kile kipande cha mwisho, gitaa la solo, tumba, tarumbeta mbili, kazi ya kijana. Nikaisogeza redio karibu na sikio. Utepe ulikuwa umebaki mwembamba kabisa kwenye gurudumu la kushoto.

Sauti ikaanza kushuka, taratibu, kwa mkono.