Tiketi ya Barabarani Houston: Jua Kwanza Iko Mahakama Gani

Karatasi anayokupa askari barabarani hapa Texas mara nyingi haina kiasi cha faini. Ndiyo maana magrupu yetu ya WhatsApp hayakauki picha za tiketi na swali lilelile: "Jamani, hii ni dola ngapi?" Swali la dola lisubiri. Anza na hili: nani aliyekusimamisha?

Texas ina kaunti 254, na Harris, ambayo ndiyo yenye Houston, inazipita zote kwa wingi wa watu. Ndani ya kaunti hii moja tiketi zimetawanyika. Ukisimamishwa na polisi wa jiji la Houston, shauri lako liko mahakama ya jiji. Ukisimamishwa na konstebo, askari wa sherifu au askari wa jimbo, liko kwenye mahakama za JP (Justice of the Peace), yaani mahakama ndogo za kaunti. Kaunti imegawanywa kanda 8 na kila kanda ina mahakama mbili, kwa hiyo ziko 16. Halafu Pasadena, Baytown, Bellaire na miji mingine midogo ina mahakama zake. Na tiketi ya maegesho ni habari nyingine kabisa: Houston huishughulikia kama deni la kiraia, si kosa la jinai.

Kwa aliyetoka Tanzania hili linachanganya kwa sababu kule tumezoea mfumo mmoja wa polisi. Unaingiza namba ya gari, deni linatokea, unapata kontroli namba, unalipa kwa simu, mambo yamekwisha. Pale deni linaifuata namba ya gari. Hapa tiketi ya mwendo kasi inamfuata dereva na leseni yake, na kila mahakama inatunza kumbukumbu zake. Nilimsindikiza mama mmoja Mkongo hadi majengo ya mahakama za jinai katikati ya mji, maana huko ndiko alikoelekezwa na jirani. Makarani waliangalia kwa upole wote wasione kitu. Pale hutunzwa mashauri mazito zaidi. Tiketi yake ilikuwa kwa JP, karibu na anakoishi, na jina la mahakama lilikuwa limeandikwa chini ya karatasi.

Basi isome karatasi hadi mwisho. Utaona mahakama, anwani, na tarehe ambayo unatakiwa uwe umejibu. Sahihi uliyoweka mbele ya askari si kukubali kosa. Ni ahadi kwamba utajibu mahakamani, na ukikataa kuiweka unaweza kukamatwa palepale. Tarehe hiyo ndiyo ya kubandika kwenye friji. Ikipita kimya, kunaweza kutolewa hati ya kukamatwa, kosa jipya la kutofika mahakamani linaongezwa, na mahakama inaweza kupeleka jina lako idara ya leseni ya jimbo, DPS, ili usiweze kuhuisha leseni mpaka umalize shauri.

Kumbukumbu hizi ziko wazi kwa umma, na mahakama za JP za kaunti zina tovuti ya kutafutia shauri. Tumia namba ya tiketi kwanza. Kama karatasi imepotea, ndipo uende kwa jina, na hapo sisi tuna shida yetu. Majina yetu ni matatu au manne, na askari huandika lile analolifikiria kuwa la ukoo. Jaribu kila jina kwenye nafasi ya ukoo, jaribu Ally na Ali, jaribu jina lililoandikwa kwa kuunganishwa. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi wana la ziada: wengi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, hivyo watu wawili wenye jina moja wanaweza kuwa na tarehe moja pia. Kabla ya kulipa shauri lililotokea kwenye kioo, linganisha namba ya leseni, barabara na siku. Tiketi ya jana pia huenda isionekane leo; karani huchukua siku kadhaa kuiingiza.

Sasa tufike kwenye pesa. Kulipa faini mtandaoni ni kukubali kutiwa hatiani. Mahakama inaripoti DPS, kosa linaingia kwenye rekodi yako ya udereva, na kampuni ya bima inaiona. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu watu wetu hulipa haraka wakidhani wanajitoa kwenye matatizo, kumbe walikuwa na njia nyingine wasiyoambiwa.

Kwa makosa mengi ya mwendo unaweza kuomba kozi ya udereva wa kujihami. Ni ya saa sita, inafanyika hata kwenye kompyuta, na ukiwasilisha cheti pamoja na rekodi yako kutoka DPS ndani ya siku 90, shauri linafutwa. Unaruhusiwa mara moja kwa miezi 12. Hairuhusiwi kama ulizidisha mwendo kwa maili 25 kwa saa au zaidi, ambazo ni kama kilomita 40, wala kwenye eneo la ujenzi wakati wafanyakazi wapo. Lazima uombe kabla tarehe yako ya kujibu haijapita, na uoneshe bima. Njia ya pili ni kuomba hakimu aahirishe hukumu: unalipa kiasi anachopanga, unaendesha bila kosa kwa muda usiozidi siku 180, kisha shauri linafutwa. Kama kosa ni usajili au leseni iliyoisha muda, ihuishe ndani ya siku 20 za kazi, peleka uthibitisho, na hakimu anaweza kulifuta kwa ada isiyozidi dola 20. Na aliyekuwa na bima hai siku ile ila hakuwa na karatasi ya kuonesha, aipeleke mahakamani. Shauri hilo linafutwa.

Madereva wa malori, mliobeba CDL (leseni ya udereva wa kibiashara) mfukoni, kozi na kuahirishiwa hukumu si vyenu, hata kama mlikuwa kwenye gari dogo la familia. Sheria ya shirikisho inakataza mahakama kuficha makosa ya mwenye CDL. Mkitiwa hatiani mnapaswa kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi mkiwa na lori huhesabiwa kosa kubwa. Mawili ndani ya miaka mitatu ni siku 60 bila kuendesha lori, matatu ni siku 120. Kwa mtu anayelisha nyumba mbili, moja hapa na moja Arusha au Eldoret, tiketi ya namna hii inastahili wakili. Msilipe kwanza ndipo mkamtafute.

Na asiye na pesa? Aende mahakamani vilevile, tena mapema. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka hapahapa Houston, ya Preston Tate, mtu maskini aliyekuwa na faini za barabarani za dola 425. Alipelekwa shamba la wafungwa azilipe kwa siku, dola 5 kila siku, yaani siku 85. Majaji walisema huwezi kuigeuza faini kuwa kifungo kwa sababu tu mtu hana uwezo wa kulipa. Mabadiliko ya sheria ya Texas ya mwaka 2017 yanamtaka hakimu aulize uwezo wako, na unaweza kupewa malipo ya kidogo kidogo au kazi za jamii zinazohesabiwa angalau dola 100 kwa kila saa 8. Haya yote yanamwokoa anayejitokeza. Anayejificha hakimu hawezi kumuuliza kitu.

Kiswahili kisikuzuie. Mwambie karani mapema kwamba unahitaji mkalimani, na taja kama unazungumza Kiswahili cha Kongo. Usimpeleke mtoto wa darasa la sita akutafsirie maneno ya hakimu.

Meseji za simu zinazodai deni la barabara za kulipia au tiketi, zenye kiungo na vitisho vya "leo ndiyo mwisho", zifute. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya mahakama iliyoandikwa kwenye karatasi yako, au piga simu kwa karani.

Shauri likiisha, omba nakala iliyothibitishwa ya mwisho wa shauri, si risiti peke yake. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kupewa tiketi. Maelekezo yake kwa kawaida hayadai nyaraka za faini ndogo chini ya dola 500 isiyohusu kukamatwa, pombe wala dawa za kulevya, lakini swali lenyewe linajibiwa kwa kweli. Nakala hiyo iweke kwenye bahasha moja na green card.